Pikipiki Wakati wa Kipupwe



Mwezi wa Mei ukaribiapo kwisha na mvua za masika zikaaga, sisi tukaao katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania twajua kinachofuata. Upepo wa kusi waanza kuvuma kwa nguvu, mawingu ya usiku yapungua, na kwa kuwa mbingu ni wazi, joto lote la mchana lapaa juu likatuacha. Asubuhi moja mtu hufungua mlango akaona majani ya uani ni meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Hiyo ndiyo sakitu. Kuanzia hapo hata mwezi wa Agosti, Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya huwa katika kipupwe, na kipupwe chetu si mzaha.

Ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam huenda wakacheka wasikiapo watu wa Afrika wakilalamika kwa baridi. Hatuwalaumu. Tuliwahi kumpokea chuoni kwetu mwalimu mwenzetu aliyetoka pwani, naye alikuja na mashati ya mikono mifupi matupu. Wiki ya pili alikuwa akifundisha hesabu hali amejitanda blanketi, na wanafunzi hawakuthubutu kucheka, maana nao walitamani kufanya vivyo hivyo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, wafika mita 2,600 na zaidi. Kila mtu apandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Mwenye kupenda hesabu na afanye mwenyewe.

Lakini leo hatukusudii kuzungumza juu ya baridi ya nyumbani, ambayo dawa yake kila mtu aijua. Twataka kuzungumza juu ya baridi impatayo mtu aliye juu ya pikipiki. Katika wilaya zetu pikipiki imekuwa miguu ya watu. Ndiyo impelekayo mama mjamzito zahanati, ndiyo ichukuayo gunia la viazi hadi barabara kuu, ndiyo imfikishayo mwalimu kwenye shule iliyo nyuma ya milima mitatu. Vijana wengi wa bodaboda ni watoto tuliowafundisha sisi wenyewe au waliofundishwa na wanafunzi wetu. Kwa hiyo neno hili latuhusu, na tena latuhusu kwa sababu nyingine ambayo tutaieleza pasipo kujificha.

Mwaka 2016, mwezi wa Julai, wanafunzi wa chuo chetu walikuwa wametawanyika katika shule za vijijini kufanya mazoezi ya kufundisha, nasi kazi yetu ilikuwa kuwazungukia na kuwasikiliza. Siku moja tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri kwenda upande wa Makete. Tulikuwa wawili juu ya pikipiki moja: sisi tulioshika usukani, na mwanafunzi wetu mmoja nyuma, kijana mpole, aliyekuwa akirudi katika shule yake baada ya kuja chuoni kuchukua vitabu. Kabla ya kuondoka tulisimama mlangoni, tukanyosha mkono nje kama mtu apimaye manyunyu, tukasema, "Leo si baridi sana." Glavu tulikuwa nazo, nzuri, za ngozi, tulizozipata mnadani kwenye nguo za mitumba. Tukazitia mkobani.

Sasa hebu tuulize: je, tulisema uwongo pale mlangoni? Hatukusema uwongo. Pale mlangoni haikuwa baridi sana. Kosa letu lilikuwa kudhani ya kuwa baridi ya mlangoni ndiyo baridi ya njiani.

Mwili wa binadamu una joto la digrii 37, nao hulitoa joto hilo daima kwa njia ya ngozi. Mtu akisimama mahali pasipo upepo, hewa iliyo karibu na ngozi yake hupata joto na kukaa pale pale, ikawa kama nguo nyembamba isiyoonekana. Upepo ukija, huivua nguo hiyo. Mwili hutengeneza nyingine, nayo huvuliwa vile vile. Mwendesha pikipiki hana haja ya kungoja upepo uvume, maana aubeba upepo wake mwenyewe popote aendapo. Kadiri azidishavyo mwendo, ndivyo azidivyo kuvuliwa. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika, penye barafu ya milele. Walitundika chombo cha maji nje katika upepo, wakahesabu muda wa maji kuganda, kisha mwaka 1945 wakachapisha waliyoyaona. Hesabu yao ilitengenezwa upya mwaka 2001 huko Kanada na Marekani. Kwa hesabu hiyo mpya, ikiwa hewa ya asubuhi ina digrii 5, ambayo ni hali ya kawaida kwetu mwezi wa Julai, mtu aendaye kilomita 40 kwa saa ngozi yake iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba amesimama mahali palipotulia penye digrii moja chini ya sifuri. Akienda kilomita 60, ni digrii mbili chini ya sifuri. Twawaomba wasikilizaji waangalie jambo moja: tofauti kati ya kilomita 40 na 60 ni ndogo, lakini tofauti kati ya kusimama na kwenda ni kubwa mno. Kwa hiyo yule asemaye, "Mimi huenda polepole, sihitaji glavu," asijidanganye.

Na je, baridi hiyo hufanya kazi gani mwilini? Mwili ni kama mwenye nyumba wakati wa njaa. Akiba ikipungua, hufunga vyumba vya nje akalinda chumba cha ndani. Damu huondolewa katika mikono na miguu, ikaelekezwa kwenye moyo, mapafu na ubongo. Huo ni utaratibu mwema kwa mtu aliyeketi, lakini kwa mwendesha pikipiki ni hatari, kwa maana vyumba hivyo vya nje ndivyo vyenye kazi. Mkono wa kushoto washika klachi, mkono wa kulia washika breki ya mbele, na vidole ndivyo vinavyopasa kujua kiasi cha kubana. Ngozi ya vidole ikishuka hata digrii 15 hivi, ustadi wao huanza kupotea. Ikizidi kushuka, hata kugusa hawagusi. Tena misuli mingi iendeshayo vidole haimo vidoleni, imo katika kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Mtu akivaa glavu nene lakini mkono wa koti ukawa mfupi, upepo ukapita pale kwenye kifundo na kupanda juu, vidole vitakuwa vizito vile vile, naye atazilaumu glavu bure.

Haya yote tuliyajua kwa kusoma. Turudi njiani.

Baada ya robo saa vidole vilituuma sana. Baada ya nusu saa vikaacha kuuma, nasi tukafurahi, tukidhani tumezoea. Wasikilizaji, mtu akikumbuka neno moja tu katika mazungumzo haya, na akumbuke hili: maumivu ya baridi yakikoma ghafula na hali baridi yenyewe haijakoma, simama. Maumivu yale ni mlinzi apigaye kelele langoni. Akinyamaza wakati wezi wangali uani, si kwamba wezi wameondoka.

Mteremko mmoja ulikuwa umejaa ukungu. Njia yetu ilishuka kati ya misitu ya misindano, na ukungu umelala bondeni kama maziwa katika bakuli. Tulikuwa tumewasha taa kubwa, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana taa kubwa katika ukungu hurudisha mwanga machoni mwa mwenye kuiwasha, ilitupasa kuiinamisha. Ghafula tukaona matawi mabichi yametandazwa barabarani. Kila mtu wa nchi hii aijua alama hiyo: mbele kuna gari lililoharibika. Lilikuwa lori la mbao. Tulikuwa tukienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ni mita 14 kwa kila sekunde moja. Tukaviambia vidole vya mkono wa kulia vibane breki. Hatukujua kama vimebana. Tulilazimika kutazama mkono kwa macho ili kujua unafanya nini, kama mtu atazamaye mkono wa mwingine, na katika kutazama huko mita zikapita. Tukakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likakwama na kuteleza kwa umande, tukaangukia mtaroni.

Sisi tulichubuka goti. Mwanafunzi wetu alivunjika mfupa wa kigasha cha kulia. Wiki zote zilizobaki za mazoezi aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na watoto wa darasa la tatu walimsaidia kwa kumsomea kwa sauti kila herufi aliyoikosea. Twasema "sisi" kama ilivyo desturi ya mazungumzo haya, lakini mikono iliyokuwa usukanini asubuhi ile ilikuwa miwili tu, nayo ilikuwa yetu.

Tangu siku hiyo tumejifunza mengi kwa vijana wa bodaboda wa Njombe na Makambako, ambao wengi wao wana hekima kutushinda sisi wenye vitabu. Wao hawavai koti moja zito. Huvaa nguo mbili tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, ili hewa itulie katikati yake, na ya juu kabisa huwa ya kuzuia upepo, hata kama ni koti la mvua tu. Sweta la sufu peke yake ni zuri nyumbani, lakini juu ya pikipiki upepo hulipenya kama maji yapenyavyo chekecheke. Asiye na koti la namna hiyo hutandaza gazeti kifuani chini ya shati. Hii ni hila ya zamani sana, nayo yafaa, maana karatasi haipitishi upepo. Zamani wengine walivaa mfuko wa plastiki juu ya soksi kabla ya kutia kiatu. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania, na gazeti kwenye vidole vya miguu si baya, ila lichanike mapema na kubadilishwa likilowa.

Shingo isisahauliwe. Pale ndipo mishipa mikubwa ipitapo karibu na ngozi, na kitambaa kidogo kilichofungwa vema kwapita kwa faida koti la pili. Lakini ncha zake zichomekwe ndani, zisipepee nyuma kama bendera zikanaswa na mnyororo au gurudumu. Kofia ngumu si ya kukinga ajali tu. Kioo chake hukinga macho, kwa sababu upepo wa baridi hutoa machozi, na mwenye kuona kupitia machozi huona malori mawili penye moja. Kioo kikiingia ukungu wa pumzi, kifunguliwe ufa wa kidole kimoja, kisiinuliwe chote.

Glavu ziwe na nafasi kidogo. Zikibana huzuia damu, na mtu huwa amenunua baridi kwa fedha zake. Wengine wamefunga kwenye usukani vifuko vya ngozi au turubai vya kuingizia mikono, na kwa kweli vyafaa kuliko glavu zote, kwa sharti moja: mikono iweze kutoka upesi. Tumeona kifuko kimoja kilichokazwa kwa kamba hata mwenyewe alihitaji msaada wa mtu kutoa mkono ili atulipe chenji yetu.

Kuna na desturi ya kusimama na kushika injini au ekzosi ili kupasha vidole. Tafadhali msifanye hivyo. Kidole kilichokufa ganzi hakijui moto. Huungua kwanza, kisha hupata habari baadaye. Afadhali kuitia mikono kwapani, chini ya koti, na kutembea huku na huku.

Sasa tufike kwenye jambo litakalotupunguzia marafiki. Katika sehemu zetu miezi hii mtu akisema anasikia baridi, huelekezwa kwenye ulanzi au komoni. Atakunywa kikombe, atasikia uso umewaka, atasema pombe imemtia joto. Haikumtia, imemtoa. Pombe huifungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, mtu akasikia raha, na wakati ule ule joto la ndani latoka nje kwa upesi zaidi. Ni kama mwenye nyumba aliyefungua milango yote ili majirani waone moto wake. Hatuhitaji kusema lolote juu ya macho na akili ya huyo anywaye kisha akashika usukani. Chai ya tangawizi yenye sukari na kiazi cha moto hufanya kazi hiyo yote pasipo deni.

Magurudumu nayo husinyaa kwa baridi. Mtu akijaza upepo Makambako saa nane mchana, hewa ikiwa na digrii 25, kisha asubuhi akaondoka penye digrii 5, atakuta amepoteza karibu ratili tatu za mkazo katika kila inchi ya mraba, hali hakuna tundu wala mwizi. Kwa hiyo upepo upimwe asubuhi kabla ya safari.

Injini yenyewe hutaka subira. Ivutiwe choki, ipigwe kiki, iachwe ingurume kidogo kabla ya kubebeshwa mzigo. Lakini iachwe ingurume wapi? Hapa twaomba wasikilizaji watege masikio. Kwa kuogopa wezi, watu wengi hulaza pikipiki ndani ya nyumba, na alfajiri, kwa kuikimbia baridi, huiwasha humo humo chumbani huku mlango umefungwa na watoto wangali wamelala. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tuivutayo, hata damu ikakosa nafasi ya kuibeba hewa ya uhai. Mtu husikia kichwa kizito, kisha usingizi, naye aliyekuwa usingizini hasikii kitu. Jiko la mkaa lililowekwa chumbani usiku huua kwa sumu ile ile. Pikipiki isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe. Kwamba nje ni baridi twajua.

Lililobaki ni habari ya yule akaaye nyuma.

Mwenye kuendesha ana kazi. Mikono yake yajongea, macho yake yatafuta njia, naye aweza kusimama apendapo. Abiria hana kazi wala amri. Ameketi kimya, na baridi yamla polepole. Joto lake la ndani likishuka kufikia digrii 35 atakuwa akitetemeka, maneno yatakuwa mazito mdomoni, na akili itazubaa. Likizidi kushuka, kutetemeka kutakoma, naye atasema kwamba hajambo. Huyo ndiye wa kuogopewa kuliko atetemekaye. Tena wengi hawasemi. Mama hatasema kwa kijana wa bodaboda kwa kuwa amepatana naye nauli na aona haya kumchelewesha. Mtoto wa shule hatasema kwa mtu mzima.

Tulipokwenda kumtazama mwanafunzi wetu hospitalini siku ya pili, tulimwomba radhi. Akatujibu, "Mwalimu, mimi nilitaka kukuomba tusimame tangu kule kwenye mashamba ya chai. Mikono nilikuwa siisikii. Lakini nilikuona umekaa kimya, nikadhani wewe huoni baridi, nikaona aibu kukusumbua." Nasi tulikuwa kimya kwa sababu midomo yetu ilikuwa imekufa ganzi.

Tangu hapo, kila tumchukuapo mtu, twasimama baada ya nusu saa hata kama hakuna haja, na twamwomba anyoshe mkono na kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Asiyeweza, safari yake imekwisha mpaka apate moto. Nasi twafanya vivyo hivyo mbele yake, asije akaona ni mtihani wa wadogo.

Kijana yule sasa ni mwalimu mkuu katika shule moja ya milimani, na ana pikipiki yake. Mwaka jana mwezi wa Juni alitupokea kituo cha basi, tukakaa nyuma, akatuchukua kuelekea shuleni kwake. Tulikuwa tumevaa vizuri, na tulijiona tu wazima kabisa. Kwenye kilele cha mlima alisimama kabla hatujasema neno, akavua kofia, akageuka.

"Samahani, Mwalimu," akasema, "naomba unionyeshe mkono."

Tulijaribu mara tatu. Kidole gumba kilikwenda, kidole cha mwisho hakikuja. Hakusema kitu. Alizima injini, akashuka, tukatembea wote wawili, yeye akiisukuma pikipiki, hata tukafika kibanda cha chai kilichokuwa chini ya mlima.